Mzinga wa Saba

Lango la Lusenga halikuwa na macho. Wageni wengi hawakuliamini hilo. Mlima mzima umetobolewa, ukapigwa zege na kufungwa milango ya chuma huku na huku. Malori yasiyo na dereva yanaingia, yanatulia gizani, yanatokea nchi ya pili. Na kitu kinachoamua nani apite nani abaki hakina hata kamera moja ya kuchungulia mzigo.

"Sasa linajuaje?" mgeni angeuliza.

Linasoma, bwana. Kwa Lango, mzigo ni kile kilichoandikwa kwenye ujumbe. Ukiandika ndizi, ni ndizi. Ukiandika tembo, litakudai cheti cha chanjo ya tembo. Zamani macho yalikuwepo, tena mengi, yamevaa kofia na nyota mabegani, lakini yalizibwa kwa bahasha mpaka yakapitisha mahindi yaliyoleta Mwaka wa Kuvu, na watu wakazikana bila sanda. Baada ya hapo nchi zote mbili zikasema, basi, macho hatutaki tena. Tunataka neno la mtu aliyekula kiapo.

Mwanahawa Kondo alikuwa mmoja wa waliokula kiapo hicho. Wakala wa forodha, mwanamke wa makamo, sauti ya kuuzia samaki, vidole vya kuchezea bao. Ofisi yake ilikuwa kontena lililokatwa dirisha, na asubuhi hiyo alikuwa ametoa kichwa nje ya dirisha hilo anamsubiri mtu wa kumchokoza.

"We mpagazi!" alipaza sauti. "Babu yako alibeba mizigo kichwani mpaka pwani kwa miguu, akafika. Wewe umepewa lori, bado unachelewa!"

Aliyeitwa mpagazi alikuwa Mlekwa Kapungu, mfuga nyuki kutoka misitu ya miombo, Mnyamwezi mrefu aliyezoea kuinama kwa miaka ya kupita chini ya matawi. Alimzidi Mwanahawa umri kwa kiasi cha kutosha kuitwa kaka, ila hakuwahi kuitwa hivyo hata siku moja. Mwanahawa ni Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, tangu enzi za misafara ya miguu.

"Nimechelewa kwa ajili yako," Mlekwa akajibu. "Kila penye ngoma nilisimama kuuliza kama mtani wangu hajauza kiwanja kingine apate pesa ya kuchezea."

"Kimebaki hiki nilichokikalia. Kinunue, nikachezee mazishi yako."

"Utacheza, najua. Kazi gani nyingine mnayoiweza?"

Wakacheka wote wawili, kisha wakanyamaza, kwa sababu nyuma ya Mlekwa lori lilikuwa limesimama na kutoka ndani yake ulisikika muungurumo. Haukuwa wa injini. Ulikuwa wa mizinga kumi na miwili.

Mwanahawa alishuka akaenda kuweka kiganja ubavuni mwa lori. Bati lilikuwa linatetemeka kidogo, kama kifua cha paka anayekunwa.

"Ndio hao?"

"Ndio hao. Uzao wote. Nyumbani nimebakiza wa kawaida tu, wa asali ya chai."

Ng'ambo ya mlima kulikuwa na bonde la Mwelu, ambako nyuki walikwisha miaka mingi iliyopita kwa ugonjwa uitwao mwozo. Majana, yaani watoto wa nyuki, yanaoza ndani ya sega, mzinga unanuka, halafu unanyamaza. Tangu hapo wanawake wa Mwelu walichavusha maboga na pesheni kwa mkono, ua kwa ua, kwa unyoya wa kuku. Mlekwa alikuwa ametumia nusu ya maisha yake kuchagua nyuki wanaoushinda mwozo, na sasa Mwelu walikuwa wameomba, naye alikuwa ameleta wote.

"Umeleta wote?" Mwanahawa aliuliza tena. Safari hii hakuwa anatania.

"Mbegu haipandwi nusu, mtani. Andika."

*

Basi akaandika. Mlekwa alikaa kwenye kiti cha plastiki akimtazama, kwa kuwa alipenda kumwona mtani wake akifanya kazi. Ndiyo saa pekee aliyonyamaza.

Kila ujumbe wa tamko ulianza na kichwa, na ndani ya kichwa kulikuwa na tarakimu moja iliyolieleza Lango kwamba ujumbe huu umekuja kufanya nini. Tisa: mimi ni mpya. Moja: futa ule wa mwanzo. Nne: ule wa mwanzo ubaki, badilisha hiki tu ninachokutajia. Tano: tupa ule wa mwanzo, shika huu badala yake. Chini ya kichwa ilifuata mistari ya bidhaa, kila mzinga na mstari wake, na kila mstari na namba ya lakiri, ule muhuri wa kielektroniki uliobandikwa kwenye mzinga. Vipande vilitenganishwa kwa alama ndogo nyembamba kama mguu wa mbu. Mwishoni ulikuwepo mkia, na kazi ya mkia ni kuhesabu vipande vyote ili Lango lijue hakuna kilichodondoka njiani.

"Nne na tano mbona kama ndugu?" Mlekwa aliwahi kuuliza siku za nyuma.

Mwanahawa alimjibu kama alivyowajibu mawakala wapya wote. "Umempelekea fundi cherehani kitambaa, akukatie gauni. Ukimtumia nne, 'mikono iwe mirefu', utapata gauni lenye mikono mirefu. Ukimtumia tano, 'mikono iwe mirefu', utapata mikono miwili mirefu. Gauni hakuna."

Walicheka sana siku ile.

Lakini mawakala wa Lusenga hawakuitumia nne. Nne ilipita kwa madaktari wa mifugo wa nchi zote mbili ili waipige muhuri, na yule wa upande wa pili alikuwa na mazoea ya kulala mchana. Tano ilikwenda moja kwa moja. Kwa hiyo kila mtu alitumia tano: ananakili mistari yote ya zamani, anarekebisha mmoja, anatuma. Ni halali, ni haraka, na ni salama maadamu hujasahau kunakili.

Mwanahawa alituma tisa yake. Lango likajibu papo hapo: UMEKAMILIKA. Milango ikafunguka, lori likaingia na muungurumo wake, milango ikafungwa.

"Haya, nenda bandani ukangoje," akamwambia Mlekwa. "Na usiwatongoze wauza uji."

*

Banda la kungojea halikuwa mbali, lakini Mlekwa alipiga simu badala ya kurudi, kwa sababu hakutaka kuondoka karibu na mnara unaopokea sauti za mizinga. Kila mzinga ulikuwa na kinasa sauti, kipima joto na kipimo cha hewa, naye alikuwa amevaa kipokezi sikioni kama kawaida yake. Mke wake alizoea kusema kwamba wake wenzake wana mabawa.

"Mtani, wa saba hauko sawa."

"Hauko sawa vipi? Umekataa kuimba?"

"Joto la majana limeshuka. Na kipimo cha hewa kinaonyesha harufu. Nahofia ni mwozo."

Mwanahawa alikaa vizuri. "Nyuki wako hawaugui mwozo."

"Wanaugua, halafu wanapona. Wanatoa majana mabovu wenyewe, wanayatupa nje, wanasafisha. Ndiyo thamani yao. Lakini siwezi kuwapelekea watu wa Mwelu mzinga unaonuka. Andika kwamba wa saba unashukiwa. Lango litautenga, hao wengine wapite."

Ni kweli, ndivyo Lango lilivyofanya. Mzigo unaoshukiwa ulipelekwa kwenye chumba chake peke yake, ukalishwa na kunyweshwa, ukangoja. Kwa mashine iliyozaliwa kutokana na hofu, ilikuwa na adabu sana kwa yeyote aliyejieleza. Yule isiyemjua ndiye aliyekiona cha moto. Lakiri ikiita gizani na haimo kwenye ujumbe, Lango liliihesabu mzamiaji, na tangu Mwaka wa Kuvu mzamiaji alikuwa na hukumu moja: chumba kinafungwa, dawa ya kuua inapulizwa.

"We Mnyamwezi una roho ya ajabu," Mwanahawa alisema huku akifungua ule ujumbe. "Ningekuwa mimi ningenyamaza."

"Ndiyo maana nyinyi hamna nyuki, mna ngoma."

Alicheka. Akaweka tano kwenye kichwa. Mstari wa mgonjwa una vipande vingi, dalili, kipimo, jina la aliyeona, kwa hiyo akaiondoa mistari mingine kumi na moja na kuihifadhi pembeni ili kioo cha kompyuta kipumue, kama alivyofanya mara nyingi. Akaujaza ule mmoja vizuri, bila haraka, huku simu imebanwa begani.

Kioo kikauliza: UJUMBE UNA MSTARI MMOJA. UTUMWE?

"Mtani," Mlekwa alisema sikioni mwake, "soma kwanza. Usije ukaniulia nyuki."

"Nikiwaua nitakuja kulala kaburini mwao mpaka unilipe."

"Nasema soma."

"Nilianza kusoma kabla ya ukoo wenu kujua viatu," Mwanahawa akajibu, akabonyeza.

Mkia ulihesabu vipande, ukakuta hesabu iko sawasawa. UMEKAMILIKA, lilisema Lango.

Alikuwa bado anatabasamu alipoiona ile mistari kumi na moja pembeni mwa kioo, imekaa pale alipoiweka, kama watoto waliosahauliwa stendi.

Vidole vyake viliruka. Tano nyingine, mistari yote, tuma. Lango, lililokwisha kuihesabu mizinga mingine kuwa wazamiaji, lilijibu upesi na kwa upole: MZIGO UNAOTAJWA HAUPO. Akatuma tena. HAUPO. Akatuma tisa. HAUPO.

Kwenye simu Mlekwa akaanza kusema, polepole, bila kumwambia mtu yeyote hasa.

"Wa kwanza umenyamaza."

"Mlekwa…"

"Wa tatu. Wa pili na wa tatu. Mtani, umewasha nini huko? Wa tisa unapiga kelele. Wa tisa…"

Mwanahawa alishikilia simu. Ingekuwa heri kuikata, lakini alijiambia kwamba kama mwenzake anasikiliza, na yeye lazima asikilize. Na kwa hiyo alimsikia mfuga nyuki akiwataja mmoja mmoja wanavyokwenda, mpaka alipofika mwisho na kusema, kwa sauti ya mtu anayeshangaa jambo dogo:

"Wa saba bado unaimba."

*

Afisa Rwezaura wa forodha, ambaye kazi yake siku hizi ilikuwa kuangalia taa zikiwa za kijani, alikuja mlangoni kwa Mwanahawa na kofia mkononi. Taa zilikuwa nyekundu na hakukuwa na swichi ya kuzibadilisha. Aliyelijenga Lango alikuwa amehakikisha hilo. "Bi Mwanahawa," alianza, akaona Mlekwa yuko nyuma yake, akapisha.

Mlekwa aliingia akakaa kwenye kile kiti cha plastiki. Alikuwa amevua kipokezi kutoka sikio moja, sikio la pili bado kimo.

Mwanahawa alikuwa na maneno, aliyapanga tangu simu ilipokatika. Yote yakamkimbia. "Nilidhani unatania," alisema.

"Nilipokuambia soma?"

"Uliposema nisije nikakuulia nyuki. Wewe kila siku unasema hivyo. Mara nisikuuzie lori, mara nisikuibie mke. Nitajuaje?"

Mlekwa alifikiri. Hakuwa amekasirika, na hilo lilimtisha Mwanahawa kuliko ngumi.

"Huo ujumbe wa mashine," alisema, "una ile tarakimu ya mbele. Inasema nimekuja kufanya nini. Mimi sina. Nikisema neno ni neno tu, wewe ndiye wa kuuliza. Ungeuliza, mtani. 'Mlekwa, hapo ni utani au siyo?' Ningekujibu."

Kioo kiliwaka mezani. Wote wawili wakakitazama.

MZINGA WENYE LAKIRI YA SABA UMETENGWA. WAKALA ATHIBITISHE KABLA YA JIONI: MZIMA AU MGONJWA.

Mzima: mzinga unarudi kwa mwenyewe. Mgonjwa: dawa ileile ya kuua.

Mlekwa alisogeza kiti. "Andika mzima."

Mwanahawa alimtazama usoni. Akajikuta anauliza, kwa sauti ndogo ambayo hata yeye hakuijua: "Hapo ni utani?"

"Leo hakuna utani."

"Ni mzima?"

Na hapa Mlekwa angeweza kumsaidia. Neno moja tu lilitosha. Angesema ni mzima, nilikosea kipimo, na Mwanahawa angeandika alichoambiwa, akalala usingizi. Lakini mwanaume huyu hakuwa na mazoea hayo.

"Ni mgonjwa," alisema. "Nasikia mlio wao. Ila wanafanya kazi, Mwanahawa. Wanafukua. Wanatoa majana nje, nasikia miguu yao kwenye mbao. Nipe siku chache. Nitaupeleka mbali na mizinga ya mtu yeyote, nitachoma masega, nitamhamisha malkia. Nimefanya hivyo mara nyingi, wakapona."

"Mara zote?"

"Mara nyingi."

"Na ile mara nyingine?"

"Ile mara nyingine nilichoma mzinga na nikalia, kama mfuga nyuki yeyote."

Afisa Rwezaura, aliyekuwa bado mlangoni, alikohoa. "Mimi sijasikia kitu," alisema. "Nilikuwa naangalia taa." Akaondoka taratibu, na huo ulikuwa ni wema mkubwa kwa mtu wa cheo chake. Mwanahawa alitamani asingeufanya. Kama angebaki pale na kofia yake, jambo lingekuwa rahisi: afisa yupo, siwezi. Sasa walibaki wawili na kioo.

"Leseni wakichukua wachukue," alisema. "Usifikiri naogopa leseni."

"Najua huogopi."

"Kule kwenu kuna mizinga ya watu wengine."

"Najua kuliko wewe."

"Mwelu ilianza na mzinga mmoja."

Mlekwa aliinamisha kichwa. "Leo asubuhi nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Ulisema mwenyewe ungekuwa wewe ungenyamaza. Mimi nikasema kweli, na kweli yangu ikapita mikononi mwako, ukaona ilivyorudi. Ukweli umeshaniua mara moja leo. Unataka uniue mara ya pili?"

Mwanahawa alitazama nje, kwenye mlima uliofungwa milango. Mashine kubwa kiasi kile, chuma chote kile, zege lote lile, na ndani yake hamna jicho hata moja. Jicho lake pekee lilikuwa yeye, mama mwenye kelele kwenye kontena, aliyetoka kuua kwa kutosoma. Na Lango lilimwamini bado. Lilikuwa limeuliza swali lake kwa herufi zilezile, kwa adabu ileile, kana kwamba asubuhi haikutokea.

Alijiuliza, na angeendelea kujiuliza kwa miaka: hivi anashika kiapo, au ameogopa tu kukosea tena? Kwa sababu mtu aliyeungua hushika hata maji baridi kwa kitambaa. Labda mwanamke wa jana, yule mwepesi wa kucheka, angeandika mzima, na nyuki wangerudi miombo, wakafukua majana yao mabovu, wakapona, na leo Mwelu ingekuwa inanguruma. Labda. Au labda msitu mzima ungenyamaza.

"Naweza kumwandika malkia peke yake," alisema ghafla. "Mdudu hai, mmoja, bila sega."

Mlekwa aliinua macho. Mwanahawa alikuwa tayari anatafuta, anapekua orodha za bidhaa, anashuka, anapanda. Kulikuwa na mstari wa konokono. Kulikuwa na mstari wa vipepeo wa maonyesho. Nyuki walikuwa na mstari mmoja: mzinga, na vyote vilivyomo. Malkia asiye na mzinga hakuwa na namba, na asiye na namba hakuwepo. Alijaribu hata hivyo, Lango likamrudishia. Akajaribu tena, likamrudishia tena, kwa upole.

"Acha," Mlekwa alisema. "Acha, usijichoshe."

Mwanahawa akaweka nne kwenye kichwa. Safari hii ni nne, ile ya kwenda polepole kwa madaktari wawili, na aliisoma toka kichwani mpaka mkiani kwa sauti, kila kipande, kila mguu wa mbu, Mlekwa anasikiliza. Alipofika kwenye hali ya mzinga alisimama. Kisha akaandika mgonjwa, na akasoma hilo nalo kwa sauti.

"Nitume?" aliuliza.

"Usiniulize mimi. Hiyo mbona hukuniuliza asubuhi?"

Akatuma. Daktari wa upande wa pili, siku hiyo moja, hakuwa amelala. Muhuri ulirudi kabla uji wa Mwanahawa haujapoa.

Mlekwa alifunga macho na kukibonyeza kipokezi sikioni kwa kidole. Aliusikiliza wa saba mpaka mwisho. Halafu alikivua, akaukunja waya wake vizuri, akakitia mfukoni.

*

Lango lilichoma mizinga yote, likarudisha majivu kwenye debe lililofungwa, safi, na lakiri juu yake. Afisa Rwezaura alilibeba mwenyewe.

Walichimba nyuma ya banda la kungojea, mahali penye majani makavu. Rwezaura alivua kofia. Wauza uji wawili walisogea kuona kinachozikwa, wakaambiwa ni nyuki, wakabaki wamesimama bila kujua kama wacheke.

Miaka iliyopita, mama yake Mlekwa alipofariki, Mwanahawa alisafiri mpaka miombo kwenda kuzika. Kaburi lilipokuwa tayari, aliruka ndani akajilaza, akakunja mikono kifuani, akasema maiti hapiti hapa mpaka mtani alipwe, tena alipwe kuku, tena asiwe kuku wa Kinyamwezi anayekula kama wapagazi. Watu walicheka machozi yakiwatoka, na Mlekwa, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajatikisika, alicheka mpaka akapiga magoti, na hapo ndipo alipopata kumlilia mama yake. Ndiyo kazi ya mtani. Anakuchekesha pale pale unapotaka kufa.

Sasa debe lilikuwa limetua shimoni. Mlekwa alimwaga udongo kidogo, akanyooka, akamtazama mtani wake.

Alikuwa anangoja. Mwanahawa aliliona hilo waziwazi. Uso ule ulikuwa umeacha mlango wazi, upenyo kidogo, kwa neno moja la kipumbavu. Angeweza kusema mpagazi gani huyu anayezika mzigo badala ya kuufikisha. Angeweza kudai asali ya kifo. Maneno yalikuwepo, yamejaa mdomoni kama kila siku. Lakini aliyetakiwa kuyasema ndiye aliyeua, na hakuna mila aliyowahi kufundishwa inayosema mtani afanye nini hapo.

Upenyo ule ulikaa wazi kwa muda. Kisha ukafungwa.

"Asante kwa kuja, Bi Mwanahawa," Mlekwa alisema, akampa mkono.

*

Leseni hawakumnyang'anya. Uchunguzi ulifanywa, ukakuta jumbe zote zilikuwa kamili, vichwa na mikia, na kwamba Lango lilifanya lilichoambiwa. Waliongeza swali moja kwenye kioo kwa anayetumia tano. Mawakala wapya walilikuta pale wakadhani limekuwepo siku zote.

Mwelu waliendelea na manyoya yao ya kuku. Miombo haikupata mwozo. Hakuna aliyemshukuru Mwanahawa kwa hilo, na angeshukuriwaje? Ugonjwa ambao haukufika hauna mstari. Yeye mwenyewe, siku nyingine akiwa anakula, kijiko kilisimama hewani: wangepona. Siku nyingine: wasingepona. Alichanganya pilipili, akaendelea kula.

Mlekwa hakupita tena Lusenga. Mwanahawa alisikia kwamba ameanza upya na nyuki wa kawaida, anachagua, anachoma, anachagua.

Msimu wa asali ulipofika Mwanahawa alichukua simu. Alianza kuandika pole, akafuta; pole alikwishatuma, tena nyingi, na zote zilipokewa. Alitamani kungekuwa na tarakimu ya kuweka mbele. Nne, pengine: vya zamani vyote vibaki, badilisha ile siku moja tu. Lakini watu hawatumiani hivyo. Basi akaandika kama alivyozoea:

*We mpagazi, bado unapumua? Nimeuza kiwanja cha mwisho, nakuja kula asali yako bure.*

Akaweka simu kifudifudi mezani. Akalihudumia lori la saruji, akalihudumia la vitunguu. Alilisoma kila tamko kwa sauti kama alivyofanya siku hizi, mawakala wengine wakimcheka kwamba anasali.

Simu ikatetemeka.

*Shikamoo Bi Mwanahawa. Tunamshukuru Mungu, nyumbani wote wazima. Karibu sana wakati wowote, asali ipo. Nakutakia kazi njema.*

Aliisoma mara ya kwanza, akadhani kuna kitu kimefichwa ndani yake. Aliisoma tena akitafuta, kichwani, katikati, mkiani. Kila kipande kilikuwa mahali pake. Hakuna kilichodondoka njiani.

Mtu aliyemzidi umri, mtani wake, alikuwa amemwamkia.

Alitafuta neno la kumchokoza, akalitafuta kwa muda mrefu, lori likimpigia honi nje. Mwishowe akajibu kile ambacho mtu aliyeamkiwa hujibu. Aliandika *Marahaba*, akasoma, akatuma.